UKUTA HAUNA MACHO



Katika mkutano uliopita ililetwa hoja, nayo itapigiwa kura katika mkutano mkuu ujao, kwamba fedha za mfuko wa chama zitumike kuzungusha ukuta kwenye nyumba za watumishi tunamokaa wengi wetu: ukuta wa matofali wenye kimo cha futi 8, vigae vya chupa juu yake, na lango moja la chuma lenye bawabu. Pamoja na hayo, chama kiandike barua kuomba askari wa doria waongezwe. Wenzetu walioleta hoja hiyo ni watu wa heshima, nasi twaijua sababu yao. Karani mwenzetu wa masjala alikabwa saa 2 ya usiku katika njia ya miguu itokayo kituo cha basi, akanyang'anywa mkoba na simu, na mkono wake wa kuandikia ukavunjwa. Hata leo mkono huo ungali umefungwa, na watoto wake ndio wamvalishao shati.

Twampa pole, na hasira ya wenzetu ni hasira yetu. Walakini twasema waziwazi kwamba hoja hii ni dawa ya ugonjwa mwingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twataka kujenga ukuta, na ufa tuuache wazi kama ulivyo.

Na tuanze na mahali penyewe, kwani wengi walisema sana mkutanoni, wala hapana aliyetaja mahali. Njia ile ni ya hatua kama 200. Mkono wa kuume kuna ukuta wa ghala, mrefu, usio na dirisha hata moja. Mkono wa kushoto kuna migongo ya nyumba zetu wenyewe, nayo imezibwa kwa mabati na michongoma tuliyoipanda sisi, ambayo sasa imepita kimo cha mtu. Taa ni moja, mwanzoni mwa njia, nayo haiwaki. Katikati njia hupinda, hata aingiaye hawezi kujua ni nani amsimamiaye mbele. Zamani palikuwa na watu penye pindo lile: mama mmoja akikaanga mihogo mpaka saa 4 ya usiku, na fundi viatu aliyekuwa na taa ya kandili. Wakaondolewa kwa sababu iliandikwa barua ya kulalamika kwamba wanachafua mahali pa watumishi. Barua ile iliandikwa kwa lugha safi sana. Twaijua, kwa kuwa ni sisi tulioiandika.

Usiku ule karani mwenzetu alipiga kelele. Nyumba 9 zilimsikia, wala hapana hata moja iliyoweza kumwona. Walipokwisha kufungua milango ya mbele na kuzunguka hadi nyuma, wezi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Husemwa kwamba ukuta una masikio. Ni kweli, illa macho hauna.

Sasa tuulize: ukuta wa futi 8 ungemsaidia nini? Njia ile itabaki nje ya ukuta. Kila mmoja wetu ashukaye basi atapita palepale, na tofauti itakuwa hii tu, kwamba badala ya ukuta mmoja usio na dirisha atakuwa katikati ya kuta mbili. Tutakuwa tumemjengea mwizi ukumbi wake kwa fedha zetu.

Jambo hili si geni, na limechunguzwa na watu wa mbali na wa karibu. Mwaka wa 1961 mwandishi mmoja wa New York, bibi Jane Jacobs, alitoa kitabu juu ya uhai na mauti ya miji mikubwa ya Marekani. Alieleza kuwa usalama wa njia hautunzwi kwanza na askari, bali na macho ya watu wenye shughuli zao: mwenye duka, mpita njia, mama aliye dirishani. Mwaka wa 1971 C. Ray Jeffery akatoa kitabu kilichoipa elimu hii jina, yaani kuzuia uhalifu kwa namna tunavyoyapanga mazingira. Mwaka uliofuata mjenzi Oscar Newman akaeleza kwamba mahali hulindika pale wakaao wanapoweza kupaona na kupaita pao.

Newman hakusema hayo kwa kuota. Alikuwa akifundisha katika mji wa St. Louis, mahali palipojengwa nyumba za serikali zilizoitwa Pruitt-Igoe, majengo 33 yenye ghorofa 11 kila moja, yaliyoanza kukaliwa mwaka 1954. Aliona kwamba pale familia 2 tu zilipoungana katika ukumbi mdogo, ukumbi ulifagiliwa na kutunzwa. Pale familia 20 ziliposhiriki ujia mmoja, na familia 150 zikashiriki ngazi na mlango wa chini, mahali pale palikuwa pa kutisha, kwani hapakuwa pa mtu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba nyingine za chini, ziitwazo Carr Square Village, zenye wakazi wa hali ileile ya umaskini, nazo zilikaa salama na zimejaa watu. Majengo ya Pruitt-Igoe yakaanza kubomolewa mwaka 1972, kabla hayajatimiza miaka 20.

Wako wasemao, na hawana kosa, kwamba majengo yale yaliangushwa pia na ukosefu wa fedha za matengenezo, na kwa kuwa mji wenyewe ulikuwa ukihamwa. Twakubali. Ramani peke yake haimfanyi mtu mwema wala mwovu. Lakini maskini wa upande huu wa barabara na maskini wa upande ule walikuwa maskini sawasawa, na usiku wao haukuwa sawa. Tofauti hiyo yatupasa kuitazama.

Ndugu wanachama, tusidhani kwamba elimu hii imetoka ng'ambo tu. Baba zetu waliijua kabla haijaandikwa. Tazameni nyumba ya Kiswahili kama ijengwavyo Kariakoo ya zamani, na Ilala, na Magomeni: vyumba pande mbili za ukumbi, ua nyuma, na mbele baraza. Baraza ile ndipo mzee hukaa na tasbihi yake, ndipo vijana hucheza bao, ndipo muuza kahawa hutua birika lake. Mgeni apitaye husalimiwa, na katika kusalimiwa hutambuliwa. Aliye na haja njema hupata kikombe cha kahawa na kuonyeshwa nyumba aitafutayo. Aliye na haja mbaya hujua kwamba amekwisha kuonekana. Kazi hiyo hailipwi mshahara na wala hailali saa za jioni. Katika miji ya mawe ya Unguja na Lamu baraza hizo zilijengwa kwa mawe na chokaa ubavuni mwa nyumba, zikaelekezwa njiani. Nasi leo, tukipata kiwanja na mkopo, jambo la kwanza tulijengalo ni ukuta, na jambo la mwisho tulikumbukalo ni baraza.

Itasemwa kwamba huu ni mji mkubwa, si kijiji. Ni kweli. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi kuliko nusu yao hukaa katika mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa. Sababu hiyo yazidi kutupa nguvu. Hapana serikali duniani iwezayo kuweka askari katika kila kichochoro cha mji kama huu. Askari hupita mara moja usiku, akapita. Jirani yupo kabla hajapita na baada ya kupita. Twataka askari, tena twawaheshimu, lakini kuwaomba wafanye kazi ya dirisha ni kuwaonea.

Sasa na tuseme neno juu ya taa, kwani katika hoja nzima taa haikutajwa. Mwaka 2016 mji wa New York ulipeleka minara ya taa katika baadhi ya maeneo ya nyumba za umma, maeneo yakachaguliwa kwa kura ili hesabu isiwe na upendeleo. Wachunguzi wakaona kwamba makosa makubwa yatendwayo nje usiku yalipungua kwa kadiri ya asilimia 36. Huko Nairobi, taa za nguzo ndefu zilipowekwa katika mitaa ya watu wa chini, wananchi wenyewe walizipa jina la mulika mwizi, na jina hilo latosha kuwa ushahidi wa haja yao. Hata hivyo tusifanye taa kuwa hirizi. Taa imulikayo njia isiyo na mtu wa kuitazama humwonyesha mwizi mahali pa kukanyaga. Taa ni msaidizi wa jicho, si badala yake.

Na asiseme mtu kwamba mambo haya huwezekana kwa matajiri tu. Khayelitsha, nje ya Cape Town, ni mji uliojengwa miaka ya 1980 na serikali ya ubaguzi ili kuwaweka Waafrika mbali. Huko, tangu miaka ya 2000, wakazi na halmashauri ya mji, kwa msaada wa fedha za Ujerumani, walizitazama upya njia za waendao kwa miguu. Kando ya njia hizo wakajenga majengo madogo yenye mnara, yakiwa na taa na mtu akaaye humo usiku na mchana, ili aendaye kwa miguu awe na jengo la kukimbilia, na kutoka hapo alione jingine mbele yake. Hawakuizunguka njia kwa ukuta. Waliipa njia wenyewe.

Mji wetu nao ulikwisha kuisikia habari hii. Mpango wa Miji Salama wa Umoja wa Mataifa ulianzishwa mwaka 1996 kwa ombi la mameya wa Afrika, na Dar es Salaam ikaingia mwaka 1997. Katika mpango huo wanawake wa baadhi ya mitaa walitembea wenyewe katika njia zao, wakionyesha kona hii na kichaka kile, hapa twaogopa, hapa hatupiti. Ni nani katika chama chetu aliyewauliza mabibi wenzetu, makarani na wapiga chapa, ni njia gani wanayoiepuka? Kamati iliyoleta hoja ya ukuta ina watu 7, nao ni wanaume watupu.

Iko hatari moja ambayo hatupendi kuificha. Kuupanga mji ili kuzuia uovu kwaweza kugeuzwa kuwa kuupanga mji ili kuwazuia watu. Sisi wa nchi hii twalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1914 amri ya ujenzi ya Wadachi iliugawanya mji wa Dar es Salaam katika mafungu matatu, na Waingereza wakaufuata mgawanyo huo. Sheria ilitaja aina ya nyumba, haikutaja rangi ya mtu. Lakini kila mtu alijua ni nani awezaye kujenga nyumba ya fungu la kwanza, na ni nani aachiwaye la tatu. Kisha, kwa jina la afya, uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukawekwa baina ya Uhindini na Kariakoo, ili Mwafrika akae kando. Wazee wetu wa kazi hii ya kalamu walikaa ng'ambo ya uwanja ule, wakivuka kila asubuhi kwenda kuandika nyaraka za mji usiowataka usiku. Je, sisi tuliorithi viti vyao tumejifunza kujenga uwanja wetu wenyewe, baina yetu na muuza mihogo? Maana ukuta unaopendekezwa, ukiutazama vema, haumzuii mwizi. Humzuia jirani.

Vivyo hivyo tusikosee tukidhani kwamba macho tunayoyataka ni macho ya kupeleleza. Sote tumeona yatokeayo mtu apigiwapo kelele ya mwizi katika miji yetu: watu hukimbia na mawe na matairi, na mara nyingine aliyeuawa huonekana baadaye kuwa hakuiba kitu. Huo si ulinzi, ni uovu wa pili juu ya uovu wa kwanza. Njia iliyo wazi, yenye taa na watu, faida yake ni kwamba kijana mwenye wazo baya hupita akaenda zake, hakutenda kosa, hakufungwa, hakuuawa. Tumemwokoa mwenzetu na mkono wake, na tumemwokoa kijana naye.

Wako watakaosema kwamba mwizi akizuiwa hapa ataiba pale. Wataalamu wamelichungua neno hili mara nyingi, wakaona kwamba wizi hauhami wote. Aghalabu sehemu yake hupotea kabisa, na mara nyingine mitaa ya jirani nayo hupata nafuu. Kwani wizi mwingi wa njiani ni wa nafasi, si wa safari. Wengine watasema kwamba shina la wizi ni ukosefu wa kazi. Ndivyo, nasi twaunga mkono kila jitihada ya kuwapatia vijana kazi. Lakini mama wa mihogo na fundi viatu walikuwa na kazi, tena katika njia ileile, nasi tukawaondoa.

Hapa ndipo neno letu lilipo zito zaidi, na twaomba lisomwe kwa utulivu. Ni nani afanyaye mji huu uwe kama ulivyo? Si mwizi. Mpima hupima, mkubwa hutia sahihi, lakini jalada hupita mikononi mwetu. Ni sisi tuandikao kwamba uwanja wa watoto umebadilishwa matumizi. Ni sisi tupokeao maombi ya kuziba kichochoro kilichokuwa njia ya watu wote. Ni sisi tuchapao kibali cha ukuta usio na dirisha wa hatua 200, na hatuandiki pembeni hata mstari mmoja kuuliza: watu watapita wapi, na nani atawaona? Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo katika makabati yetu. Karani hana sahihi ya mwisho, lakini mara nyingi ana kalamu ya kwanza, na dokezo lililoandikwa vema limekwisha kuokoa viwanja vingi kuliko tunavyokiri. Tukinyamaza ofisini mchana, tusishangae njia nayo ikinyamaza usiku.

Basi, badala ya hoja iliyoletwa, twapendekeza haya:

1. Michongoma yote ya nyuma ikatwe ibaki kimo cha kiuno, na mabati yaondolewe. Kazi hii ni ya siku moja, na mapanga tunayo.

2. Kila nyumba ipakanayo na njia ifungue mlango mdogo upande huo, na mbele ya mlango iwekwe baraza au benchi.

3. Chama kiandike barua kwa halmashauri kuomba taa 4 katika njia ile, na mpaka zitakapofika, kila nyumba iwashe taa yake ya nyuma tangu magharibi.

4. Mwenye ghala aombwe kwa adabu abomoe pembe ya ukuta wake penye pindo na kuweka wavu wa chuma, ili njia ionekane toka mwanzo hata mwisho.

5. Mama wa mihogo na fundi viatu watafutwe, waombwe radhi, na wajengewe kibanda cha bati chenye taa penye pindo lile. Usafi wake tuutunze pamoja.

6. Wanachama wa kike wachague watu 3 wa kuzikagua njia zote zitokazo katika nyumba zetu, na maneno yao yasomwe katika mkutano mkuu.

7. Fedha itakayobaki katika mfuko, nayo itakuwa nyingi, itangulie kumlipia mwenzetu matibabu ya mkono wake.

Haya yote kwa pamoja hayafikii gharama ya lango la chuma peke yake, ukiongeza na mshahara wa bawabu wa mwaka mmoja.

Twajua kwamba ukuta hupendeza macho ya mtu aliyetishwa. Una kimo, una uzito, na huonekana kuwa kazi imefanyika. Kukata michongoma hakuna fahari, na kumwomba radhi muuza mihogo kuna aibu kidogo. Lakini mwenzetu hakuumizwa kwa kukosa fahari. Aliumizwa katika njia tuliyoifumba macho kwa mikono yetu, na kwa mikono hiyo twaweza kuifumbua.

Siku ya kura, kila mwanachama kabla hajainua mkono na aje mkutanoni kwa kupita njia ile, kwa miguu, baada ya jua kuchwa. Kisha apige kura apendavyo.

Ni sisi wenzenu wa masjala.